Tulivyokwenda Kuutetea Mteremko wa Kwa Nzomo

Tangu turudi, watu wa Shauri Moyo hawaniachi nishone. Naketi kwenye cherehani, kabla sijakanyaga vizuri mtu anasimama mlangoni: Mama Brayo, ni kweli mlifanywa kwaya? Ni kweli Mama Mutheu alimfokea mwenyekiti? Mwingine wa Majengo amesikia kwamba tuliliwa na mamba, na ananieleza hayo huku akinitazama usoni. Nimechoka kusimulia vipandevipande. Nimeandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitampa asome.

Habari za barua, mihuri na kukodi basi nitaziruka. Zilinichosha wakati ule na sioni kwa nini ziwachoshe na ninyi. Ila lazima mjue tulikuwa tunatafuta nini huko.

Kilonzo mnamkumbuka. Ni mtoto wa dada yake Mama Mutheu, na Mama Mutheu ndiye aliyemlea hapa hapa Nairobi, kwenye nyumba za kaunsili. Alichonga vinyago na marehemu mume wa Mama Mutheu mpaka wanunuzi wakapotea, kisha akarudi kwao, mbele ya Mwingi, kwenye mto Tana, akajifunza kazi ya kuongoza watu mtoni kwa boti za mpira. Mwaka jana alitualika sisi akina mama wa kikundi cha kanisani. Tulishukia mahali panapoitwa Kwa Nzomo, mteremko wa mchanga ambao kila mtu huutumia, mwenye mbuzi na mwenye boti. Nilikuwa nimemzika mume wangu miaka miwili kabla, na kwa miaka hiyo miwili nilicheka kwa adabu tu, pale watu wengine walipocheka. Siku ile maji yaliponipiga usoni nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilirudi nikisema kila mwanamke wa Shauri Moyo lazima apate siku kama ile.

Mama Mutheu ndiye aliyeipanga safari hiyo, lakini yeye hakuingia kwenye boti kwa sababu goti lilikuwa limevimba. Alizaliwa karibu na mto huo, ana miaka sabini na mmoja, na alikuwa hajawahi kuingia humo hata siku moja. Alisema ataingia mwaka huu.

Kisha Kilonzo akapiga simu. Kuna hoteli mpya imejengwa sehemu za juu za mto. Ilikuwa imeiomba kamati ya mto kwamba safari zote za kuongozwa zianzie kwenye gati lake, kwa wageni wake, na mteremko wa Kwa Nzomo ufungwe, boti zisishuke tena hapo. Kamati ingeketi kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuamua.

"Mathe," Kilonzo alisema, maana Sheng ya Shauri Moyo haijamtoka, "hawa wasee wanasema hakuna mtu wa kawaida anataka hiyo mto. Ati ni ya watalii. Msipokuja, inafungwa na hakuna mtu atasema kitu."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, sote tukasikia. Mama Mutheu akasema, "Basi nitakufa nikiwa ukingoni." Hakusema kwa huzuni. Alisema tu, na hapo ndipo nilipojua kwamba tunakwenda.

Shauri Moyo hadi Matuu

Tulipanga kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa tatu kasorobo. Kosa lilikuwa la sare.

Kikundi chetu kina kanuni kwamba hakuna anayesafiri kwa jina la kikundi bila sare: kitenge cha kijani na kitambaa cheupe kichwani. Mwenzetu mmoja anakaa Kware, orofa ya saba, na alikuwa ameianika sare yake juu ya paa tangu jana yake. Mlango wa kwenda paani ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amelala kwa shemeji yake Pipeline, simu imezimwa. Nilisema aje na rinda lolote, tunachelewa. Mama Mutheu akakataa katakata.

"Bila sare tutakuwa wanawake waliotoka kwa basi," akaniambia. "Na sare tutakuwa kikundi."

Tukangoja. Nilinung'unika mpaka mlinzi alipopatikana, na hata baada ya kupatikana niliendelea kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

Basi lilikuwa la shule, la manjano, lenye viti vya watoto, magoti yetu yakagusa viti vya mbele. Tulikuwa wanawake kumi na tisa. Dereva alikuwa Mzee Wafula, ambaye aliendesha magari ya kaunsili mpaka akastaafu. Ni mtu wa kwetu magharibi kama mimi, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Mzee Wafula huendesha kana kwamba amebeba mayai ya meya. Kwenye barabara ya Thika tulipitwa na kila kitu chenye magurudumu, na nilipomwomba aongeze mwendo kidogo aliniuliza kwa upole kama ninajua kusoma mabango ya barabarani.

Tulipofika Matuu, wauza papai walilizunguka basi kabla halijasimama. Mama Mutheu alitoa kichwa dirishani akasema maneno mawili ya Kikamba, akapewa papai lililoiva kuliko yote. Mimi niliuliza kwa Kiswahili nikapewa la kawaida. Mama aliyeniuzia aliitazama sare yangu, akauliza tunakwenda kuimba wapi. Nikamwambia hatuendi kuimba, tunakwenda kwenye mkutano. Akauliza kama ni mkutano wa injili. Nikasema ni mkutano wa mto. Alinitazama kwa huruma, akaniongezea kipande kingine cha papai bure. Nilikila huku nimeudhika, lakini kilikuwa kitamu mno.

Matuu hadi Mwingi

Mwingi tulifika saa nane, njaa imetushika. Tuliingia kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko. Mzee Wafula akaagiza ugali, nami nikamfuata, kwa sababu mtu wa magharibi akikosa ugali mchana huona kama hajala siku hiyo. Mwenye hoteli alitueleza kwamba muthokoi uko tayari na ugali haujaanza hata kuwazwa. Muthokoi, kwa wasioujua, ni mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharagwe mpaka yakalainika. Mama Mutheu alitutazama kwa furaha mbaya. Tangu aolewe Nairobi amekula ugali wetu kwenye kila matanga na kila harusi, na leo zamu ilikuwa yetu. Nilikula sahani moja kwa shingo upande, kisha nikaomba ya pili. Mzee Wafula aliomba ya tatu na akasema ni kwa ajili ya barabara iliyo mbele.

Mezani kwetu aliketi mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwao ni kule kule tulikokuwa tukienda. Alikuwa mtu wa heshima, kofia ameiweka juu ya goti. Nilipomweleza habari ya mteremko wa Kwa Nzomo, alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba yeye kwa kweli haoni hasara. Mtu wa kwao, akasema, huingia mtoni akiwa na shida, amepoteza ng'ombe au anavuka kwenda msibani. Kuingia kwa kujifurahisha ni mambo ya wageni. Hoteli ikitaka kuuchukua, iuchukue na mamba wake.

Nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyofaa. Nilimwambia mimi ni mjane wa mfanyakazi wa reli, si mgeni wala mtalii, na kwamba nilicheka kwenye mto huo. Hakukasirika. Aliniuliza nilicheka nini hasa. Nikajaribu kueleza nikashindwa, nikabaki kusema kwamba maji yalikuwa baridi. Mwalimu akatikisa kichwa, akamtuma mwenye hoteli atuletee asali kwenye chupa, zawadi yake kwetu. Nilipanda basi nikiwa na wasiwasi ambao sikuwa nao tulipotoka Nairobi. Ikiwa watu wa kule wote wanafikiri kama yeye, basi sisi kumi na tisa tungeonekana wendawazimu waliovaa kijani.

Mwingi hadi kwenye mto wa mchanga

Baada ya Mwingi lami haikutufuata mbali. Barabara ya vumbi ilikuwa na makorongo madogo, na Mzee Wafula aliingia kila moja kwa heshima zake zote. Saa kumi tulifika kwenye mto wa mchanga, wale wanaopita huko wanaujua: mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu huuchimba kutafuta maji ya kunywa. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai yakipita na matawi ya miti. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja.

Tulimkuta mzee mmoja na punda wake wawili, mitungi imefungwa mgongoni mwao. Alikuja kuchimba maji akayakuta yanakimbia, na sasa hakuweza kuyateka kwa sababu yalikuwa tope. Jambo hilo lilimchekesha sana. Mama Mutheu alimsalimia kwa Kikamba, na kumbe marehemu kaka yake mzee huyo alichonga vinyago pamoja na mume wa Mama Mutheu, meza moja, miaka ya zamani. Wakazungumza muda mrefu. Kisha mzee akaenda ukingoni, akaweka jiwe pale maji yalipokomea. Akasema maji yakiliacha lile jiwe hatua kumi, basi letu linaweza kupita, lakini zikiwa hatua tisa tungoje.

Mzee Wafula akalipenda jambo hilo. Kwa mara ya kwanza safarini alikuwa amekutana na mtu wa taratibu kama yeye. Kila baada ya muda alikwenda kupima kwa miguu yake, akarudi kutupa habari: tatu, tano, tano bado. Sisi tulikunywa chai ya themosi, tukala mandazi na asali ya mwalimu, tukaimba kupitisha muda. Kikundi chetu huimba kwa namna yetu: mimi naanzisha, naweka maneno yanayonijia, wenzangu wanaitikia. Niliimba kuhusu jiwe, kuhusu punda, kuhusu magoti ya Mzee Wafula akipima hatua. Mzee wa punda alicheza kidogo, mkono mmoja kiunoni. Nikasahau kabisa kwamba nilikuwa na wasiwasi.

Hatua ya kumi ilipatikana saa kumi na mbili kasorobo. Tulivuka tukishikana mikono ndani ya basi, maji yakifika nusu ya magurudumu, na jua lilipozama tulikuwa tumeshafika kwenye kituo kidogo ambako kanisa lilitupa darasa la kulala. Usiku mvua ilinyesha tena huko milimani. Hatukujua kwamba mvua hiyo ingetuhusu.

Kituoni hadi kikaoni

Kikao kilikuwa kianze saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa tu kutoka tulipolala. Saa mbili tulikuwa tayari, vitambaa vyeupe vimefungwa. Mzee Wafula alikuwa anaosha basi.

Nilimwambia aache. Akanieleza kwamba katika miaka yake yote ya kaunsili hajawahi kupeleka gari chafu kwenye mkutano, na kwamba watu huanza kukuhukumu kwa magurudumu yako. Nilimwambia kwamba watu watatuhukumu kwa kutokuwepo. Akasugua polepole zaidi. Hapo nilisema maneno ambayo sitayaandika, na baadaye nilimwomba msamaha, naye akanisamehe akiwa bado ameshika kitambaa.

Tulifika saa nne kasorobo. Hema lilikuwa limejaa watu. Mara tu tuliposhuka, bwana mmoja mwenye koti jekundu na kipaza sauti alitukimbilia akiwa ametoa jasho. Alisema, afadhali mmefika, tulikuwa tumekata tamaa. Nikafurahi sana, nikadhani Kilonzo ametutangaza. Alitupeleka upande wa jukwaa, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, akatupa soda kila mmoja. Niliwaambia wenzangu kwamba huku watu wanajua kupokea wageni. Kilonzo nilimwona upande wa pili, ameketi na waongozaji wenzake, anatupungia mikono kwa namna ambayo sikuielewa.

Nilielewa bwana wa koti jekundu aliposimama na kutangaza kwamba sasa kwaya itatutumbuiza kabla ya kuendelea na maoni.

Kumbe kulikuwa na kwaya kweli iliyoalikwa kutoka upande wa Mwingi, nayo huvaa kijani. Mto wa mchanga ulikuwa umejaa tena kwa ile mvua ya usiku, kwaya imekwama ng'ambo, na sisi tukaingia na basi safi linalong'aa na vitenge vyetu. Na orodha ya wanaotaka kutoa maoni ilikuwa imefungwa saa tatu na nusu.

Nilimgeukia Mama Mutheu nikamwambia tuondoke. Yeye alikuwa ameshasimama, anainyoosha sare yake.

"Anzisha," akasema. "Wakishatuona hawawezi kusema hatukuja."

Nikaanzisha. Niliweka maneno yote niliyokuwa nayo. Niliimba kwamba tumetoka Shauri Moyo, kwamba sisi ni watu wa kawaida, kwamba mteremko usifungwe, tunataka mto. Wenzangu waliitikia kwa nguvu kuliko siku zote. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mwenyekiti mwenyewe, bwana mnene mpole, alisogeza mabega. Tulipomaliza alitushukuru sana akasema sauti zetu zimemkumbusha ujana wake, na kwamba kwaya sasa inaweza kupumzika. Nilibaki nimesimama. Walikuwa wameipenda sauti na hawakusikia neno hata moja, na niliumia kuliko kama wangetuzomea.

Kisha akasimama dada mmoja wa hoteli, kijana, mstaarabu, faili mkononi. Sitamsema vibaya, alikuwa anafanya kazi yake. Alisema hoteli haimzuii mtu, inataka mpangilio tu. Alisema wanaopanda boti ni wageni wa hoteli, na mwananchi wa kawaida hana haja na safari hizo, na ushahidi ni kwamba tangu asubuhi hakuna mwananchi aliyesimama kuzitetea ila waongozaji, ambao wana maslahi. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba kwa kuwa hakuna mtumiaji yeyote wa mto aliyejitokeza...

Nikapaza sauti kwamba tupo. Alinijibu kwa upole uleule. "Mama, kwaya hutumbuiza. Maoni ni ya waliojiandikisha."

Nilikuwa karibu kumwambia jambo ambalo lingetuharibia. Mama Mutheu akanishika mkono, akapita mbele yangu, goti lake na yote, mpaka kwenye kipaza sauti. Bwana wa koti jekundu alimwachia, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa na umri wa mama yake. Alisema kwanza kwa Kikamba. Sikuelewa, lakini niliona akina mama wa kule wakiinua nyuso. Kisha akasema kwa Kiswahili.

"Mwenyekiti, mimi si wa kwaya. Naitwa Mutheu. Nilizaliwa pale juu, mlipoweka tangi la maji. Nilipokuwa msichana mama yangu alinikataza mto, kwa sababu mamba alimchukua mbuzi wetu na dada yangu alikuwa ameishika kamba yake. Nikaelewa. Nimekaa nje ya mto miaka sitini kwa sababu nilielewa. Sasa kuna watu wanaojua mamba wako wapi na mawe yako wapi, na mmoja wao nimemlea mimi. Ninyi mnanikataza kwa sababu gani? Nielezeni, nikielewa nitarudi nyumbani."

Mwenyekiti alimtazama yule dada wa hoteli, akamuuliza kama anaweza kumjibu mama. Dada akafungua faili, akalifunga. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama anaweza kuja wakati wowote kama mgeni wa hoteli.

"Mgeni?" Mama Mutheu akasema. "Hapa?"

Mzee mmoja nyuma ya hema alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeguswa mahali. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu akawauliza watu wa kule, ni wangapi wangependa kushuka mtoni, ikiwa kuna mtu anayejua wa kuwaongoza. Mwanzoni hakuna aliyeinua mkono. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua, akamtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akainua wake. Mikono ikawa mingi kuliko nilivyoweza kuona kwa machozi. Ndiyo, nililia, na atakayenicheka atajijua.

Mwenyekiti akaagiza orodha irudishwe na ifunguliwe upya. Tuliandika majina, wote kumi na tisa. Kwenye karatasi kulikuwa na nafasi ya kujaza unamwakilisha nani. Wengine waliuliza waandike nini. Mimi niliandika: sisi wenyewe.

Kamati ilikwenda nyuma ya madarasa, ikala, ikaongea. Ile kwaya halisi ilifika saa nane, imevaa kijani na imelowa mpaka magotini, ikakuta tumekunywa soda zake. Tuliwapisha viti na wakatuimbia sisi. Saa tisa mwenyekiti alirudi akasoma uamuzi: hoteli itumie gati lake, na mteremko wa Kwa Nzomo ubaki wazi kwa mwongozaji yeyote mwenye kibali na mtu yeyote anayetaka kwenda naye, mradi kila mmoja avae jaketi la kuelea. Kilonzo alimnyanyua Mama Mutheu juu, na yeye akamkaripia amshushe kwa sababu ya goti.

Kwa Nzomo hadi mwisho wa boti

Asubuhi iliyofuata tuliteremka Kwa Nzomo. Mto ulikuwa mpana, maji mekundu, mbuzi wanakunywa upande mmoja na boti tatu za mpira zimelala upande wa pili. Kilonzo alikuwa amebadilika. Utani wote alikuwa ameuweka kando. Alitufunga majaketi mmoja mmoja, akakagua kila kamba mara mbili, akatuonyesha jinsi ya kushika kasia na nini cha kufanya mtu akianguka. Alisema kwa maji ya siku hiyo hatutapita kwenye mawe makubwa, na asiyetaka kumsikiliza abaki hapo.

Mama Mutheu alifika mpaka maji yalipoanza akasimama. Jaketi lilikuwa juu ya sare, kitambaa cheupe kichwani. Nikamwambia hakuna atakayemlaumu akibaki. Kilonzo aliingia majini mpaka kiunoni, akampa mkono.

"Mama mkubwa," akasema, bila Sheng hata chembe, "mkono wangu usiuachie mpaka uketi."

Aliingia. Aliketi katikati, mikono miwili imeshika kamba, macho ameyafumba. Tulipofika kwenye maji ya kasi, wenzangu walipiga kelele na mimi nikacheka kile kicheko changu, ninacho bado. Yeye hakutoa sauti. Niliogopa kwamba tumemtesa. Lakini maji yalipotulia, nilimwona amefumbua macho anatazama juu ukingoni, kwenye lile tangi la maji. Alitazama mpaka likapotea kwenye kona.

Safari ya boti ilikuwa ya saa mbili hivi. Mwishoni kuna mchanga ambapo Mzee Wafula alikuwa anatungoja na basi, amelizungusha kwa barabara ya juu. Tulishuka wote, tumelowa, tunaongea kwa pamoja. Mama Mutheu hakushuka. Kilonzo alifunga boti kwenye mti akamwambia tumefika.

"Najua," akasema. "Hebu niacheni humu kidogo."

Basi nikarudi nikaketi kando yake. Mmoja akaja, na mwingine, mpaka boti ikajaa tena, imefungwa kwenye mti, haiendi popote, maji yanaigusa chini taratibu. Juu barabarani Mzee Wafula alipiga honi mara mbili, kwa taratibu, akangoja, akapiga tena. Tukamwacha apige.